Dole Gumba la Mzee Amon

Jumapili, 8 Juni

Kipupwe kimeingia Tabora bila hodi. Kanisani leo watu walijifunika makoti ya mitumba hadi masikioni, na Padri Wenceslaus alihubiri juu ya ndimi za moto huku akitetemeka. Ni Pentekoste. Mbele yake ilisimama mishumaa sita myeupe ya dukani, ile inayotokana na petroli, ikitoa moshi kama lori la tumbaku. Nilikohoa kwa makusudi mara tatu.

Baada ya misa nikamfuata.

"Baba, mkoa huu una nyuki kuliko watu. Nta yetu inapanda meli kwenda kuwaangazia watu wa Ulaya, sisi tunamwashia Mungu petroli."

"Mwalimu Apolinaria, basi andika," akasema, akidhani ananifukuza.

Nitaandika.

Jumatano, 11 Juni

Nimeandika. Kurasa mbili katika kijarida cha parokia, kichwa: "Mungu Hanusi Petroli." Consolatha, katibu anayekihariri, ambaye kucha zake ni ndefu kuliko sentensi zake, alitaka kupunguza ukali. Nikamwambia aanze na kucha.

Mwishoni niliweka ahadi. Mshumaa wa Jubilei ya miaka mia ya parokia, utakaowashwa tarehe 15 Agosti mbele ya Askofu, nitaumimina mimi kwa mikono yangu, kwa nta tupu ya nyuki wa miombo yetu. Urefu mita moja, unene wa bomba la maji ya mvua. "Ukionekana na tundu hata moja la kupitisha sindano, nitaweka kalamu chini na sitaandika tena maishani."

Katika mji huu wapo watu wasiopungua hamsini watakaosali mshumaa huo utoboke. Nawajua kwa majina. Nimewahi kuwaandika wote.

Jumatatu, 16 Juni

Nta imefika kutoka Kigwa. Ameileta Mzee Amon mwenyewe, Mmoraviani, mzee mwembamba mwenye shingo ya kuku aliyenyeshewa.

"Mwangaluka, mayu."

"Shikamoo, Mzee Amon. Mbona Kinyamwezi tu, hata 'mama' unaniita mayu? Kiswahili kimekwisha huko Kigwa?"

"Marahaba. Kipo, nakibania matumizi."

Ni mtu wa maneno machache, na mtu wa maneno machache nami humhesabu kuwa na mawazo machache mpaka athibitishe vinginevyo. Lakini nta yake ni nzuri. Mikate kumi na minne, rangi ya ugoro, na juu ya kila mkate alama ya dole gumba, iliyobonyezwa nta ikiwa bado laini. Nikamuuliza ni ya nini.

"Ni mimi," akasema. "Chama chetu cha wafuga nyuki kilinipa chujio, nichuje nta ya wote, miaka thelathini na moja iliyopita, mwaka ule mwanangu wa kwanza anabatizwa. Nta isiyo na dole hili haitoki Kigwa."

Miaka thelathini na moja anashika chujio. Wengine wanakuwa wenyeviti, wanakuwa wabunge. Yeye ana chujio.

Ijumaa, 20 Juni

Shaban fundi bati ameleta kalibu la kumiminia mshumaa. Ni bomba la bati, limeunganishwa kwa risasi ubavuni, na kifuniko cha chini chenye kitundu cha utambi. Shaban ni Mzaramo, babu yake alikuja na reli akasahau kurudi, kwa hiyo ni mtani wangu, na kwa mtani hakuna heshima ya mwalimu.

"Mnyamwezi, mnafanya nini na mshumaa? Babu zenu walibeba pembe kwa kichwa hadi pwani, kila mahali penye giza walikuwa wanapapasa."

"Na nyinyi mlikuwa mnawauzia maji ya kunywa kwa shanga. Weka bati hapo, mwizi."

"Sikiliza. Usimwage nta kwenye bati la baridi. Bati nalo lina tumbo. Likinyweshwa moto ghafla asubuhi ya kipupwe, linajamba. Na ukilijambisha, ushuzi wote unabaki ndani ya mshumaa wa Askofu."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nikamtupia ganda la muwa, akaondoka akiimba. Maneno ya mtani yanaingia sikio moja yanatoka kwa mdomo kama kicheko.

Jumatano, 25 Juni

Nimemimina.

Nilifanya kama mtu aliyesoma. Nta niliiyeyusha katika sufuria iliyokaa ndani ya sufuria ya maji, kwa maana nta inayoguswa na moto moja kwa moja huungua. Kalibu nililiacha nje tangu jana lipigwe na baridi, lisimame juu ya saruji tupu. Hoja yangu ni rahisi: chuma kikiwa baridi, nta itaganda haraka, na kinachoganda haraka hakipati muda wa kuharibika. Fizikia ya kidato cha pili. Nikamimina kwa mkupuo mmoja, kwa nguvu, bila kusitasita. Kusitasita ni ugonjwa wa waandishi wabaya.

Alhamisi, 26 Juni

Mapovu.

Ijumaa, 27 Juni

Jana sikuweza kuandika zaidi ya neno lile. Mshumaa ulitoka ukiwa na ngozi ya ndui. Vitundu ubavuni, kuanzia chini hadi juu, na nilipoukata kwa msumeno nikakuta kando ya utambi pango refu linaloweza kuingiwa na kidole. Ukiwashwa, moto utaanguka ndani ya pango hilo na nta itafumuka pembeni, mbele ya Askofu, mbele ya wale hamsini.

Nitayeyusha upya. Mara hii nitakoroga vizuri zaidi.

Jumanne, 1 Julai

Upepo. Midomo inapasuka. Vumbi ndani ya chai.

Ijumaa, 4 Julai

Nilikoroga kwa mwiko dakika ishirini kama mama anayesonga ugali wa msiba. Kalibu nililimwagia maji ya kisima ili liwe baridi zaidi, nikalipangusa. Nikamimina.

Mapovu. Mengi kuliko ya kwanza. Mshumaa umekuwa mkate wa boflo.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Mji mzima umepumzika, mimi nimemimina mara ya tatu. Padri Wenceslaus alipita na tumbo lake, akachungulia bandani.

"Mwalimu, inakwendaje?"

"Inakwenda."

"Maana kamati inauliza kama tuagize wa Dar es Salaam, wa akiba tu."

Wa akiba tu! Nilimtazama mpaka akakumbuka kuwa ana mgonjwa wa kumpaka mafuta.

Jumanne, 8 Julai

Mapovu.

Mara tatu. Mikono ni ileile, kalibu ni lilelile, akili ni ileile iliyowaangusha maafisa elimu wawili na mhariri mmoja. Kitu kimoja tu katika banda hili sikukitengeneza mimi. Nta.

Maji hufanya mapovu. Kila mtu anajua kuwa wakulima wetu wanatia maji katika maziwa na mawe katika gunia la pamba. Kwa nini mwenye nyuki awe malaika? Mkate wa nta wenye maji ndani una uzito zaidi. Nta ikiyeyuka, maji yanachemka, yanatoa povu, povu linanaswa. Hoja imekamilika. Sijui kwa nini sikuiona mapema. Niliruhusu lile dole gumba linipumbaze.

Jumatano, 9 Julai

Nimeandika katika kundi la simu la Jubilei, watu mia mbili na arobaini. Nainakili hapa maana ni kazi nzuri:

"Ndugu zangu, nimekata mshumaa mara tatu na mara tatu nimeukuta uongo ndani yake. Uongo una umbo la povu. Mtu aliyebonyeza dole lake juu ya nta ya Kanisa amebonyeza pia maji ndani yake. Miaka thelathini na moja ameshika chujio. Swali langu ni moja: alikuwa anachuja nini, na kwa faida ya nani?"

Watu tisini wamejibu kabla ya adhuhuri. Hakuna aliyemtetea.

Jumapili, 13 Julai

Siku ya kuandika kwa urefu.

Kamati ya Jubilei ilikutana baada ya misa katika ukumbi wa parokia. Wenyeviti wa chama cha wafuga nyuki walikuja kutoka Kigwa, wawili, mkuu na makamu wake, wamevaa tai. Katikati yao Mzee Amon, na nyuma yake mkewe Bernadeta, mama mnene mwenye macho yasiyo na haraka, amekumbatia kapu. Shaban naye alikuwapo, juu ya ngazi, akiziba bomba la mvua nje ya dirisha, kichwa chake kikionekana nusu.

Niliweka mshumaa wa tatu mezani, nikaukata kwa msumeno mbele yao. Sauti ya msumeno katika nta ni ndogo sana. Hata waliokaa nyuma waliisikia. Nikazifungua nusu mbili kama samaki. Vitundu vikatutazama.

"Karibu, Mzee Amon. Dole gumba lako liko wapi humu? Nimelitafuta, nimeona hewa tu."

Wachache wakacheka. Mwenyekiti mmoja akasema, "Mwalimu bwana, kwa utani!" Amon naye akatabasamu, akitafuta mlango wa kutokea.

Nikaufunga. "Mimi na huyu ni Wanyamwezi wote wawili. Hatutaniani. Huu si utani. Nasema mtu huyu ametia maji katika nta."

Tabasamu lilikaa usoni kwake muda mrefu baada ya kazi yake kwisha, kama nguo iliyosahaulika kambani.

"Mayu," akasema, "nipeni kijiko na kaa moja la moto. Nta yenye maji, ukiiweka kwenye kijiko cha moto, inapiga kelele. Inachachatika. Acha ijiseme yenyewe."

"Hatukuja kupika," nikasema.

Kicheko kikubwa. Nimekuwa nikisimama mbele ya watu tangu nina miaka ishirini na mbili. Najua kicheko kinachomaliza kesi. Pale dirishani Shaban akapaza sauti: "Mnyamwezi! Muulize bati lako lililala wapi!" Wakacheka zaidi. Padri akampungia mkono anyamaze, azibe bomba lake.

Bernadeta alifungua kapu, akatoa chujio, kitambaa cha zamani cha marekani kilichoshonewa kwenye duara la waya, akalitandika magotini na kuligeuza upande huu na ule, kana kwamba anatafuta tundu.

Jumanne, 15 Julai

Asubuhi hii nimechukua kijiko, nikakiweka juu ya jiko la mkaa, nikakata kipande cha nta kutoka mkate ambao haujayeyushwa, chenye dole juu yake, nikakiweka kijikoni.

Kimeyeyuka kimya.

Nikarudia kwa mkate wa pili. Kimya. Wa tatu. Nilisikia bodaboda barabarani, nikasikia jogoo wa jirani. Nta haikusema kitu.

Nimeosha kijiko.

Jumatano, 16 Julai

Baridi kali. Sikutoka.

Jumapili, 20 Julai

Consolatha amenipigia kwa furaha. Chama cha Kigwa kimemvua Mzee Amon chujio na kumfuta katika orodha. Wamempa kijana mwenye cheti cha ubora. "Umeshinda, Mwalimu," akasema.

Nilitaka kusema jambo, kisha nikafikiri jinsi ambavyo lingesikika. Mwandishi akifuta sentensi moja, wasomaji wanaanza kusugua zote. Nimewahi kuandika kuhusu afisa ardhi aliyekula viwanja, kuhusu mganga aliyeuza dawa za bure. Yote yalikuwa kweli. Nikisema hili halikuwa kweli, wale wawili watakuja kesho na vyeti vya usafi. Ni bora mzee mmoja apoteze kitambaa kuliko mji upoteze mtu pekee anayesema.

Hoja hii ni nzuri. Nimeisoma mara nne.

Jumamosi, 26 Julai

Amekuja. Bila kubisha, alisimama uani mpaka nikatoka.

"Mwangaluka, mayu."

"Marahaba," nikajibu, ingawa hakunipa shikamoo na hakupaswa. Ulimi uliteleza. Sikuwa nimemwamkia.

Alikuwa amekonda, kama bado palikuwa na kitu cha kukondesha. Akakataa kiti. Akatazama kalibu, limesimama pale pale juu ya saruji, limelowa umande.

"Linalala hapo?"

"Ndiyo."

"Nta haipendi kushtuliwa," akasema. "Unalipasha bati kidogo, likiwa vuguvugu kama mgongo wa mtoto. Utambi unauchovya kwanza, maana pamba imejaa hewa. Ukishayeyusha unaiacha itulie, usikoroge. Unainamisha bati, unamimina polepole kwa ubavuni, kama unamimina pombe kwa mgeni. Unagongagonga kwa kijiti, hewa ipande. Halafu unalifunika blanketi lipoe taratibu. Ikianza kuganda juu, choma kwa sindano ya kufumia kando ya utambi, ongeza kidogo."

Alisema maneno mengi kwa mara moja kuliko niliyomsikia akisema yote. Ndipo nikajua Shaban hakuwa akitania. Au alitania, na ndani ya utani akaweka kitu, na mimi nikala maganda nikatupa karanga.

"Kwa nini unaniambia?"

"Mshumaa ni wa Mungu. Haukumkosea mtu." Akakunja na kukunjua kofia. "Mimi naomba sentensi moja tu. Kwenye simu ile ya watu wengi. 'Nta ya Amon ilikuwa safi.' Sihitaji useme ulikosea. Sema tu ilikuwa safi."

Maneno matano. Nimewahi kuandika elfu sita juu ya nukta ya mkato.

"Mzee Amon," nikasema, "mshumaa ukitoka mzuri, watu wataona wenyewe."

"Watu hawaoni, mayu. Watu wanasoma."

Akaaga. Mlangoni akageuka. "Msimu wa kurina asali umefika, na watu wa chama hawaendi nami tena porini. Mmoja hupanda mti, mmoja hushika kamba. Nilikuwa mshika kamba." Akacheka kidogo. "Sasa nimerudi ujana. Napanda."

Nami nikacheka. Nilidhani ndilo alilotaka.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimefanya yote kama alivyosema. Bati nililipasha kwa mvuke mpaka likawa vuguvugu. Utambi nikauchovya, uliponyonya nta ulitoa mlolongo wa vipovu vidogo, nikaona kwa macho yangu yote mawili pale hewa ilipokuwa imejificha. Nikainamisha. Nikamimina polepole. Nikagonga kwa kijiti, na povu moja, moja tu, likapanda hadi juu likapasuka bila sauti. Nikalivika kalibu blanketi langu la kitandani.

Nta ni ileile. Mikate kumi na minne ileile.

Jumatatu, 4 Agosti

Nimelifungua. Mshumaa ni laini kama shavu. Nimeuzungusha mwangani, nimeupitishia sindano juu hadi chini nikitafuta. Hakuna.

Nimepiga picha, nimetuma kundini. "Mnaona? Nilisema." Mia na themanini wamepiga makofi ya kwenye simu. Consolatha ameuliza, "Mwalimu, ulipata nta nyingine wapi?"

Nimeandika: "Ni siri ya jikoni." Nikaweka uso unaocheka.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Maonyesho. Kijana mwenye cheti alikuwa na meza ya chama cha Kigwa, mikate ya nta imepangwa, safi, bila dole.

Jumanne, 12 Agosti

Shaban amesimama langoni. Hakuingia, na hakutukana. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Mzee Amon ameanguka kutoka mninga. Alikwenda kurina peke yake. Alikaa chini ya mti tangu asubuhi mpaka jioni kabla mchoma mkaa hajamkuta. Yuko hospitali hapo Kitete."

"Kiuno?"

"Kiuno, na kifua kimeingia baridi."

"Nitakwenda."

"Nenda," akasema. "Utamkuta anaongea."

Jumatano, 13 Agosti

Sikwenda. Kulikuwa na mazoezi ya maandamano ya Jubilei.

Alhamisi, 14 Agosti

Kesho. Baada ya kesho nitakwenda.

Ijumaa, 15 Agosti

Mshumaa uliwaka kwa muda wa saa tatu bila kutikisika. Moto ulisimama wima kama jani. Askofu aliusifu katika mahubiri, akasema mwanga huu umetoka katika maua ya misitu yetu kwa jasho la watu wetu. Kanisa lilinukia asali. Wale hamsini walikuwa mbele, wote, na nilitazama shingo zao moja moja nikaona zimeinama.

Ndiyo siku niliyoitaka. Naandika hivyo ili niisome baadaye.

Jumapili, 17 Agosti

Amefariki saa moja asubuhi. Nilifika saa tatu, na machungwa.

Jumanne, 19 Agosti

Tumemzika Kigwa.

Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungeandikwa, na mimi ndiye niliyewafundisha watu wa hapa kuandika. Vumbi, upepo, kwaya ya Moraviani. Wenyeviti wenye tai walisoma wasifu. Waliruka miaka thelathini na moja kwa kusema "alitumikia chama kwa nafasi mbalimbali".

Jeneza lilipoinuliwa kuelekea kaburini, njia ikazibwa. Shaban. Amejifunga kilemba kama changu, amevaa miwani ya waya aliyoikunja mwenyewe, mkononi ameshika bati bovu. Akalala chali katikati ya njia. Watu wakaanza kucheka huku machozi hayajakauka, kwa maana mtani amefika, na mtani akifika msibani hakuna wa kumzuia wala wa kumkasirikia. Hiyo ni sheria tuliyoirithi kutoka kwa watu wa misafara, waliozikana njiani hawajuani majina.

"Mimi ni Mwalimu Apolinaria!" akapiga kelele kwa sauti yangu, na ilikuwa sauti yangu. "Nimesoma vitabu mia tatu! Bati langu nimelilaza nje, limepata kichomi! Leteni nta!"

Akainuka, akachukua birika la maji ya kunawa, akamwaga ndani ya bati kwa mkupuo. Kisha akatoa mlio mrefu kwa mdomo, wa aibu. Watu wakashika mbavu. Hata wabeba jeneza, jeneza likatikisika mabegani.

"Nani kajamba?" akauliza.

"Bati!" wakajibu watoto.

"Hapana! Mimi nimesoma! Nani kajamba?"

Na watu wazima, watu wa Kigwa, wale wale waliomfuta, wakapaza sauti kwa pamoja wakicheka: "Amoniii!"

Mara tatu akauliza, mara tatu wakajibu. Kisha akajilaza tena mbele ya jeneza, akafumba macho. "Marehemu hapiti. Hapiti mpaka aliyejamba ajitaje."

Wakanigeukia. Nyuso zilikuwa zimechangamka, zinanisubiri nicheze sehemu yangu: nitoe leso, nimrushie mtani tusi, njia ifunguke. Nimejibu mawaziri. Nimejibu maaskofu. Nilitafuta jibu, na katika kichwa chote kulikuwa na maneno matano tu.

"Nta ya Amon ilikuwa safi," nikasema. "Kalibu langu lilikuwa la baridi. Nilijua tangu tarehe kumi na tano Julai. Nilipima kwa kijiko. Sikusema."

Wakalipuka. Walipiga makofi, walipiga vigelegele. "Ameweza!" "Mwalimu naye mtani!" Mwenyekiti mmoja alifuta machozi kwa ncha ya tai. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi, kwamba sitanii, nasema kweli, na kadiri nilivyosema sitanii ndivyo walivyocheka. Shaban alifumbua macho, akanitazama kutoka chini kwa muda. Yeye hakucheka. Akainuka, akajipangusa vumbi, akawapisha.

Jeneza likapita.

Baada ya chakula Bernadeta alikuja na birika lile lile kuninawisha mikono. Alimimina polepole.

"Pole sana, mama," nikasema.

"Asante." Maji yakaisha, akaendelea kuinamisha birika tupu. "Mwalimu, siku ile ulipoandika, hakuna aliyecheka."

Alhamisi, 21 Agosti

Nimeandika kwenye kundi la simu. Yote, kwa tarehe. Nyuso zinazocheka, mia na kumi na mbili. Mtu ameuliza kama ninaweza kurudia igizo siku ya mavuno.

Jumapili, 24 Agosti

Nimepeleka makala kwenye kijarida. Consolatha amenipigia.

"Mwalimu, tumecheka ofisini mpaka Baba amekuja kuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa sijui unaandika vichekesho. Tumekuweka ukurasa wa mwisho, penye mafumbo ya watoto."

"Consolatha, ni kweli tupu."

"Eeh, ndiyo maana inachekesha!"

Jumapili, 31 Agosti

Kipupwe kimekwisha. Bati limesimama uani, limepata moto lenyewe kwa jua.

Leo Padri amenirudishia kipande cha mshumaa kilichobaki baada ya kuwashwa kila siku tangu Jubilei, urefu wa kiganja, kiwe kumbukumbu. Nimekikata vipande vyembamba kwa kisu cha mkate, nikaviweka kimoja kimoja mbele ya dirisha, nikitafuta. Nimetumia sindano. Nimetafuta asubuhi nzima, kwa moyo wote, povu moja.

Hakuna hata tundu. Kwa kiapo changu mwenyewe, ninaruhusiwa kuendelea kuandika.